Nimefanya kazi miaka mitatu kwenye potali (tovuti ya wazazi) ya wilaya kubwa ya shule za umma Marekani, nawaletea niliyoyaona

Fundi_wa_Data (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Kwenye uzi fulani wa mifumo ya elimu niliahidi nitakuja kueleza kazi niliyoifanya huku, nikabanwa na majukumu, leo nimepata wasaa. Ni mrefu, anayewahi daladala ausome jioni.

Kwanza tuelewane hili neno wilaya. Ukisema wilaya mtu wa Bongo anawaza DC na mkurugenzi wa halmashauri. Huku wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea, ina bodi yake ambayo mara nyingi inapigiwa kura na wananchi, bajeti yake, mabasi yake, wapishi wake. Ziko kama 13,000 nchi nzima na nyingi ni ndogo tu, shule tatu nne. Ila kuna chache ni kubwa hasa, New York ndiyo ya kwanza, Los Angeles ya pili, na hiyo Los Angeles pamoja na kupungua wanafunzi kwa miaka mingi bado ina karibu laki nne. Niliyofanyia mimi siyo hizo mbili na jina lake siliweki hapa, ila wanafunzi walikuwa wanapita laki moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzazi alikuwa na akaunti moja ya kuangalia alama, nyingine ya hela ya chakula, nyingine ya basi, nyingine ya kujaza fomu za kila mwaka, kila moja na paswedi yake, na mwenye watoto watatu shule tofauti anahangaika mara tatu. Bodi ikasema inataka potali moja, mzazi aingie mara moja aone kila kinachomhusu mtoto wake. Zabuni ikatangazwa, kampuni iliyoniajiri ikashinda, mimi nikapangwa upande wa data.

Sasa nasema mapema ninachotaka mtu aondoke nacho kwenye uzi huu. Kurasa zenyewe tulimaliza ndani ya miezi minne. Kujua huyu mtoto ni nani, na huyu mtu mzima anayeomba kuingia ana haki gani juu yake, kulitula zaidi ya miaka miwili na mpaka naondoka watu walikuwa bado wanahangaika nalo.

Mkisikia wanafunzi laki moja na ushee mnadhani mahali fulani kuna orodha safi ya watu laki moja na ushee. Haipo. Mtoto alisoma chekechea akahama mji, akarudi yuko darasa la 4, karani akatafuta jina hakuliona kwa sababu zamani liliandikwa kwa herufi moja tofauti, akamfungulia namba mpya. Hapo mtoto mmoja ana namba mbili, chanjo ziko kwenye ya zamani na alama kwenye mpya. Zidisha hilo kwa miaka ishirini ya makarani.

Tukaandika programu ya kulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa ili itoe waliojirudia. Kwa wenyeji ilifanya vizuri. Ilikuja kuharibu kwa watu wetu. Wilaya ile ina watoto wengi waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Somalia, na wengi wao kwenye makaratasi wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu kwenye usajili kama tarehe haijulikani inaandikwa siku ya kwanza ya mwaka. Sasa chukua kina Neema, kina Amani, kina Baraka, wote 1 Januari, mwaka mmoja. Programu ikawaona Neema wawili ikasema huyu ni mtu mmoja, unganisha. Watoto wawili wa nyumba mbili wangekuwa na faili moja, mmoja ana aleji ya karanga mwingine hana!

Na kuna suala la ukoo. Mfumo ulijengwa na mtu anayeamini ndugu wana jina la mwisho moja. Mtanzania mtoto anabeba jina la baba na babu, na Wakongo wengi kila mtoto anapewa jina lake, kwa hiyo watoto wanne wa tumbo moja wana majina manne ya mwisho. Kwa mfumo hizo ni familia nne. Mama akifungua potali anamuona mtoto mmoja.

Kwenye chumba kile Mswahili nilikuwa peke yangu, nikasimama nikaeleza jinsi sisi tunavyoitana majina, nikaandika ubaoni familia ya kaka yangu kama mfano. Nashukuru walinisikiliza. Kuunganisha kwenyewe tukakuzima, programu ikabaki na kazi ya kupendekeza tu, mwenye uamuzi ni karani wa shule anayemjua mtoto kwa sura. Ilituchelewesha sana ila sijutii hata siku moja.

Nakuja na sehemu ya pili, nile kwanza.

---

Nyamwaga_Jr

Endelea mkuu, hili la 1 Januari sikuwahi kulifikiria kabisa na mimi nafanya mifumo.

---

Fundi_wa_Data

Nimerudi. Hii sehemu ndiyo bado inanikosesha usingizi.

Wiki chache kabla ya uzinduzi tuliita makarani wa shule kama kumi hivi waje wajaribu. Mmoja, mama mtu mzima, karibu anastaafu, hakugusa hata kipanya. Akauliza swali moja, baba akiingia anaiona anwani ya mama? Tukajaribu pale pale. Inaonekana. Na kituo cha basi cha mtoto kinaonekana, na saa basi linapofika pia. Yule mama akatuambia shuleni kwake kuna mzazi amehama nyumba usiku na watoto kumkimbia mume, ana amri ya mahakama, na hiyo amri ni karatasi iliyomo kwenye faili ndani ya kabati la ofisi yake, mfumo hauijui.

Hakuna aliyeongea kwa muda. Kesho yake meneja wetu akaomba uzinduzi usogezwe mbele, ukasogezwa miezi mitano, na kelele zilikuwepo kwa sababu tarehe ilishatangazwa kwa wazazi.

Na suluhisho siyo kumfungia baba nje. Kuna sheria ya shirikisho, FERPA, ya mwaka 1974, inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za elimu za mtoto wake, na wazazi wote wawili wanayo hata kama wameachana, mpaka pawepo amri ya mahakama au hati ya kisheria inayosema vinginevyo. Mtoto akifika miaka 18 au akiingia chuo haki hiyo inahamia kwake. Kwa hiyo huwezi kuweka alama moja ya ndiyo au hapana mbele ya jina la mzazi. Ilibidi tuvunje kila kitu, kila uhusiano wa mtu mzima mmoja na mtoto mmoja ukawa mstari wake wenyewe, na juu ya kila mstari unasema huyu anaona alama, huyu anaona alama lakini haoni anwani wala basi, huyu anaruhusiwa kumchukua mtoto getini, huyu ni wa kupigiwa simu ya dharura tu. Bibi anayelea wajukuu, shangazi, mlezi aliyewekwa na serikali, wote mistari yao. Halafu makarani wakatoa makaratasi kabatini, shule moja baada ya nyingine, wakaingiza kwa mkono.

Anayeona tulijichelewesha bure akasome ya Los Angeles 2014, haya yako hadharani na yaliandikwa sana. Wilaya ile ilikuwa chini ya makubaliano ya mahakama tangu 1996, kesi ya wanafunzi wenye ulemavu, na moja ya masharti ilikuwa wajenge mfumo mmoja wa kufuatilia wanafunzi wote. Wakahangaika na mfumo mmoja miaka mingi haukukamilika. Baadaye wakachukua programu iliyotengenezwa na wilaya ya Fresno, wakaifanyia marekebisho kwa msaada wa Microsoft, wakaiita MiSiS. Fresno ina wanafunzi kama elfu 70. Los Angeles wakati huo ilikuwa na zaidi ya laki sita. Agosti 2014 wakawasha kwa shule zote kwa pamoja, muhula unaanza.

Watoto wakakosa ratiba, wengine wakapangiwa masomo waliyokwishafaulu, mahudhurio hayakai sawa, wa mwaka wa mwisho wanaomba vyuo taarifa za alama zao zina makosa. Sekondari ya Jefferson ndiyo iliyojulikana zaidi, pale ratiba zilikuwa na matatizo mengine pia ila mfumo uliyakuza, mpaka Oktoba jaji akaamuru serikali ya jimbo iingilie kati na bodi ikatoa dola milioni 1.1 kufidia muda wa masomo uliopotea. Mwezi huo huo msimamizi mkuu wa wilaya John Deasy akajiuzulu, ingawa alikuwa na mzigo mwingine wa mradi wa kuwagawia wanafunzi iPad uliolalamikiwa sana. Bajeti ya mwanzo ya MiSiS haikufika dola milioni 30, mwishoni ilipita 100.

Fedha zilikuwepo na wataalamu walikuwepo. Data za zamani zilihamishwa chafu na mfumo ukawashwa kila mahali siku moja, basi. Mtoto aliyekaa ukumbini wiki sita bila somo hakuna anayemrudishia zile wiki.

---

Mwl_Takwimu

Mleta uzi hongera na pole kwa kazi. Mimi ni mwalimu wa msingi huku nyumbani na ndiye mwalimu wa takwimu, kwa hiyo ulipoandika makarani wanaingiza kwa mkono nimekuelewa vizuri sana. Huku hatuna karani, ni mimi huyo huyo nina vipindi, nina zamu, na jioni najaza mifumo. Wanafunzi wetu wana namba za PReM za Baraza la Mitihani na mtoto akihama namba inamfuata, hilo ni jambo zuri sana na tusilibeze. Vishkwambi tulipewa baada ya sensa ya 2022, navyo vinasaidia, ila bando ni la mwalimu. Swali langu, huko mzazi asiyekuwa na barua pepe mlimwingizaje? Maana huku kwangu kati ya wazazi 60 wa darasa moja wenye imeili hawafiki watano, wengi wana kitochi.

---

Fundi_wa_Data

Shikamoo mwalimu. Hilo lilitutoa jasho. Huko mwanzo mtindo ulikuwa barua yenye kodi ya siri (namba ya kufungulia akaunti) anapewa mtoto apeleke nyumbani, nusu zikabaki kwenye mabegi. Zilizopita posta zikaenda kwenye anwani za zamani. Tukahamia kwenye namba ya simu, mzazi anapata kodi kwa meseji, ila namba za kulipia kabla zinabadilika mno, na namba ikishaachwa kampuni ya simu inaigawa kwa mtu mwingine, kwa hiyo ukituma kodi bila kuhakiki unamfungulia mtu baki faili la mtoto. Mwisho tukaweka sheria kwamba mara ya kwanza mzazi anafika ofisini kwa miguu na kitambulisho, au anapigiwa na mtu wa shule anayemfahamu, na kila Agosti wakati wa kuandikisha karani anauliza namba yako bado ni hii? Dakika moja tu. Ile dakika moja ilisaidia kuliko programu zote tulizoandika.

Kwa mwenye kitochi tuliweka meseji za kawaida. Mtoto hajafika, basi limechelewa, shule imefungwa kwa theluji, salio la chakula limeisha. Wazazi wengi hawakuingia kwenye potali hata mara moja kwa mwaka na bado ikawasaidia kwa njia hiyo. Ningekuwa najenga Tanzania ningeanza na meseji na menyu ya nyota na reli, ukurasa ungekuja baadaye sana.

---

Kaunti_47

Hapa Kenya tunajua hii mambo ya namba. NEMIS, mfumo wa wizara wa taarifa za elimu, inampatia kila mwanafunzi UPI, namba yake ya kipekee, na ili apate hiyo UPI ilikuwa lazima awe na cheti cha kuzaliwa, na pesa ya kapitesheni, ile ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, inafuata idadi ya walioko kwa mfumo. Sasa mtoto wa mpakani ama wa kambi, hana cheti, yuko darasani anasoma lakini kwa mfumo hayuko, na shule inamlisha na kumfundisha na pesa ya wengine. Wizara sasa inahamia mfumo mpya, KEMIS. Mimi ombi langu ni moja, msee akijenga mfumo wa shule asifanye karatasi iwe ndio mlango. Mtoto aingizwe kwanza, cheti kitafutwe akiwa ndani.

---

Fundi_wa_Data

Kaunti_47 umesema kitu ambacho huku kilishapita mahakamani. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Plyler, iliyotoka Texas, iliamua shule za umma haziwezi kumkataa mtoto kwa sababu hana makaratasi ya uhamiaji. Kwa hiyo kwenye fomu yetu ya kuandikisha hatukuruhusiwa kuweka namba ya hifadhi ya jamii, ambayo asiye na makaratasi mara nyingi hana, iwe lazima, na kwa sheria nyingine ya shirikisho mtoto asiye na makazi ya kudumu anaandikishwa siku hiyo hiyo hata kama chanjo na cheti havijafika. Developa mmoja mgeni aliweka nyota nyekundu ya lazima kwenye cheti cha kuzaliwa, kitu kidogo cha sekunde tano, tukaiona kwenye majaribio. Ingepita, kuna watoto wangeanza Septemba badala ya Agosti na hakuna ambaye angejua kwa nini.

---

dev_Makumbusho

Mkuu upande wa ufundi kidogo. Data mlikuwa mnazitoa wapi na zinaingia potali kwa mtindo gani, mnanakili usiku au moja kwa moja? Na siku ya kutoa ratiba sava zilihimili?

---

Fundi_wa_Data

Kiini ni ule mfumo wa taarifa za wanafunzi, wilaya nyingi zinanunua, PowerSchool, Infinite Campus na wengineo. Potali haitakiwi kuwa na ukweli wake, inasoma tu kutoka pale. Chakula, basi na maktaba kila kimoja ni cha mzabuni mwingine, kwa hiyo ukidai kila mmoja akupe data kwa mtindo wake utazeeka. Kuna viwango vya pamoja, OneRoster kwa orodha za madarasa na Ed-Fi kwa data pana zaidi, ushauri wangu andika kwenye mkataba wa zabuni kabisa kwamba asiyetoa data kwa kiwango hicho hapati kazi. Baada ya kusaini unakuwa huna tena nguvu juu yake.

Kunakili tulianza na usiku mara moja. Kosa. Mama anaandikisha mtoto saa 3 asubuhi, karani anamwambia ukifika nyumbani fungua potali uone basi, anafungua hakuna kitu, anarudi ofisini na mtoto mgongoni. Tukagawa, wapya na mabadiliko ya walezi kila dakika 15, alama kila saa, vingine usiku. Na mtu akiondolewa haki na mahakama hiyo ni papo hapo, haisubiri hata dakika.

Siku ya ratiba kila mtu anaingia saa ile ile, wazazi na watoto pamoja. Tulifungua kwa mafungu, shule za msingi Jumatatu, za kati Jumanne, sekondari Jumatano, na kurasa za ratiba tukaziandaa usiku ziwe tayari. Zilihimili. Sina hadithi zaidi hapo.

---

Binti_Saadani

Kwa nini wasiweke AI ijibu wazazi maswali yote hayo kwa lugha zao, mambo yaishe?

---

Fundi_wa_Data

Dada, Los Angeles walijaribu. Machi 2024 msimamizi mkuu Alberto Carvalho alizindua kitu kinaitwa Ed, msaidizi wa kuongea naye, amwambie mzazi alama, mahudhurio, basi, kila kitu sehemu moja. Mkataba ulikuwa wa hadi kama dola milioni 6 na kampuni changa inaitwa AllHere. Juni mwaka huo huo kampuni ikawapumzisha wafanyakazi wake karibu wote kwa kukosa fedha, wilaya ikazima yule msaidizi, na Novemba mwanzilishi wa kampuni akashtakiwa kwa udanganyifu dhidi ya wawekezaji. Wilaya ilikuwa imeshalipa kama milioni 3.

Sisemi AI haina kazi. Nasema ukitundika mdomo mzuri juu ya data chafu utapata majibu mabovu yanayosomeka vizuri, na mzazi atayaamini. Na kwenye lugha zetu hali ni mbaya zaidi. Nilipewa kukagua Kiswahili cha potali yetu kilichotafsiriwa na mashine. Salio la hela ya chakula limeandikwa "mizani ya chakula cha mchana". Mlezi wa mtoto ameitwa "mlinzi". Mshauri wa wanafunzi ameitwa "diwani". Darasa na alama zote "daraja", kwa hiyo mama anasoma "daraja la mtoto wako ni F" hajui ni darasa gani hilo. Nikaona mtu atajaza "mlinzi wa mtoto: hakuna" kwa sababu kwao hakuna askari wa getini, na mtoto ataonekana hana mlezi! Nikakaa wikiendi tatu na mama wawili wa Kikongo na mzee mmoja wa Kitanga tukapitia mistari yote, tukasomeana kwa sauti, tusipoelewana tunabadilisha. Wilaya iliwalipa, nilidai walipwe.

---

Mkulima_Songea

Usalama je mkuu? Ukiweka kila kitu sehemu moja si umemrahisishia mwizi?

---

Fundi_wa_Data

Swali zito na jibu ni ndiyo, umemrahisishia, lazima ulikubali hilo tangu siku ya kwanza. Los Angeles tena, Septemba 2022 wikiendi ya siku kuu ya wafanyakazi ya huku, kundi la wadukuzi linaitwa Vice Society liliingia kwenye mifumo yao. Wilaya ikakataa kulipa hela waliyodai, Oktoba data zikamwagwa mtandaoni, na ndani yake baadaye ilithibitika kulikuwa na tathmini za kisaikolojia za wanafunzi kama 2,000. Fikiria mtoto aliyeongea na mtaalamu akiwa na miaka 9 na leo ni mtu mzima anatafuta kazi. Desemba 2024 ikaja PowerSchool yenyewe, mtu aliingia kwa kutumia akaunti iliyoibwa ya upande wa sapoti, akachukua data za wanafunzi na walimu wa wilaya nyingi sana Marekani na Kanada, na aliyekiri kosa mahakamani ni kijana wa chuo wa miaka 19.

Tulichofanya sisi, cha kwanza tulikataa kuchukua. Kila mzabuni akiomba data tulimuuliza unaifanyia nini. Wa basi anahitaji jina, anwani na shule, tarehe ya kuzaliwa ya nini? Tathmini za kisaikolojia na kesi za nidhamu hazikuingia potali kabisa, mzazi anazipata ofisini, mkono kwa mkono. Watumishi wote paswedi na uthibitisho wa pili. Na waliomaliza shule miaka mingi iliyopita tukawatoa kwenye mfumo unaotumika kila siku. Kisichokuwepo hakiibiwi.

---

mama_wa_wanne

Salamu ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tumetoka Kongo, tukakaa kambi ya Nyarugusu Kigoma miaka kumi na moja, sasa tuko Marekani. Nimesoma hii yote nikalia kidogo kwa sababu niliwaza ni mimi sijui simu. Kwenye hiyo potali yao ninaona watoto wawili tu. Wawili wengine siwaoni, na wana majina tofauti kama vile ulisema, na wote wameandikwa 1 Januari. Niliambia mwalimu akasema atauliza. Ni miezi sasa. Barua zinakuja za Kiingereza. Nifanye nini ndugu yangu.

---

Fundi_wa_Data

Mama, wewe simu unaijua, kosa ni la mfumo.

Fanya hivi. Usianzie kwa mwalimu, hana uwezo wa kubadilisha hicho kitu hata akitaka. Nenda ofisi ya mbele ya shule ya wale watoto usiowaona, muulize karani wa usajili. Ukifika sema neno moja tu, Swahili, na uombe mkalimani. Ni haki yako na ni bure, shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, wanaweza kumpigia mkalimani kwa simu hapo hapo. Usikubali mwanao akutafsirie, hasa kwenye mambo ya kisheria.

Beba kitambulisho chako, na karatasi yoyote inayoonyesha hao watoto ni wako, zile za kuingia nchini zinatosha kuanzia. Mwambie karani aangalie vitu vitatu kwa kila mtoto: jina lako limeandikwa kwa herufi zile zile, namba ya simu ni ile ile, na wewe umewekwa kama mama mzazi siyo mtu wa dharura tu. Mara nyingi tatizo ni hilo la mwisho. Kwa wale wawili unaowaona angalia pia, usije ukarekebisha huku kukaharibika kule. Na kabla hujaondoka fungua simu mbele yake. Akisema kesho, mwombe akuandikie jina lake kwenye karatasi.

---

Kaunti_47

Mama usichoke, enda na mtu mmoja akusindikize. Utatuambia.

---

Mwl_Takwimu

Mleta uzi, nimechukua hilo la kuuliza namba kila mwaka. Wiki ya kwanza ya Januari tunapopokea darasa la kwanza nitaliweka kwenye daftari la usajili, safu moja ya namba na safu ya tarehe niliyoihakiki. Haihitaji mfumo wala bando.

---

mama_wa_wanne

Ndugu zangu nimerudi. Nilienda jana na jirani yangu. Nilisema Swahili, wakanipa simu, akatoka mama mmoja anaongea Kiswahili kizuri kabisa cha Mombasa. Kwa mtoto wa pili nilikuwa nimewekwa mtu wa dharura, na kwa wa nne jina langu lilikosa herufi moja. Karani alibadilisha, akanambia tusubiri kidogo, tukakaa kwenye kiti. Sasa nawaona wote wanne. Wa nne imeandikwa basi ya asubuhi tu, ya jioni haipo, kumbe ndiyo sababu alikuwa anarudi kwa miguu na akinambia basi haimchukui mimi nilikuwa namgombeza. Karani ameiandika. Leo amerudi na basi.